Wimbo Uleule, Msuko Mpya

Kabla sijafuta hata herufi moja, niliuchukua wimbo alama za vidole.

Ulikuwa wimbo wa kwaya wa dakika nne, uliorekodiwa hapa Mbinga mjini kwa simu iliyolazwa juu ya benchi la mbele kanisani. Faili lake la MP3 lina megabaiti 3.8 hivi. Niliiamuru programu yangu ya kuchezea muziki iufumbue wimbo wote, lakini badala ya kuupeleka kwenye spika, iuandike diskini: namba 44,100 kila sekunde kwa sikio la kushoto, na nyingine 44,100 kwa sikio la kulia, jumla megabaiti 42. Namba hizo nikazipitisha kwenye hesabu iitwayo SHA-256, ambayo hata uipe mlima wa data, hutoa mstari mmoja tu wa herufi na tarakimu 64. Ikibadilika biti moja mahali popote katika zile megabaiti 42, mstari hugeuka wote. Nikaunakili kwenye daftari kwa kalamu. Nikafanya vivyo hivyo kwa nyimbo nyingine kumi na tisa, ikiwemo ngoma ya mganda iliyorekodiwa Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, ambayo mapigo ya ngoma kubwa yanaielemea maikrofoni ya simu.

Sasa nilikuwa na shahidi asiyesinzia. Kazi ingeweza kuanza.

Kazi yenyewe tuna neno lake zuri: kufumua na kusuka upya. Anayekaa kwa msusi hufumuliwa nywele zote, zikachanwa, zikagawanywa, zikasukwa kwa mistari iliyonyooka. Kichwa ni kilekile. Msimbo wa programu nao hufumuliwa hivyo. Mwaka 1992 William Opdyke aliiandikia kazi hii tasnifu ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Illinois, na mwaka 1999 Martin Fowler akaitolea kitabu ambacho waandishi wengi wa programu wanakijua. Sharti lake kuu ni moja: mtumiaji asione tofauti yoyote. Unabadilisha jinsi programu ilivyopangwa ndani, wala hubadilishi inachofanya. Kazi ya miezi miwili ikifanikiwa kabisa, wimbo unasikika kama ulivyosikika jana.

Programu hiyo niliiandika zamani nikiwa mwanafunzi Dar es Salaam, kwa lugha ya C, nikiiga mpangilio wa vicheza muziki vya miaka ya 1990. Ilicheza, nami sikuigusa tena. Mwalimu mmoja wa kwaya hapa mjini huitumia kufundishia: kipande kigumu hukirudia na kukirudia mpaka sauti ya pili iache kuivamia sauti ya kwanza. Siku moja akaniuliza, “Kaka, nimerekodi sauti ya kwanza peke yao, na besi peke yao. Naweza kuwasikia kwa pamoja, huku nikipunguza hawa na kuongeza wale?”

“Bado, Mwalimu,” nikamjibu. “Nipe muda.”

Programu yangu isingeweza kufumbua nyimbo mbili kwa wakati mmoja, na sababu ilikuwa imefukiwa katika msimbo wote, kama mizizi ya sangari. Katika C, kigeu kikitangazwa nje ya fankisheni zote, kila fankisheni hukiona na kila moja yaweza kukibadilisha. Ni kisu kimoja kilichoning’inizwa ukumbini: kila mmoja hukichukua, hukitumia, hukirudisha popote. Mtu akiishi peke yake, nyumba inakwenda. Wakiingia wawili, mmoja atakihitaji kisu na kukikosa.

Na MP3 inahitaji kukumbuka mengi. Wimbo hukatwa katika fremu, kila fremu ikiwa na sampuli 1,152, yaani kama milisekunde 26 za sauti. Fremu hizo hazijitegemei. Kiwango cha MPEG kilichochapishwa mwaka 1993 kinaruhusu fremu nyepesi, tuseme ya ukimya kati ya beti, iweke akiba ya biti ambayo fremu nzito inayofuata itaitumia. Msomaji wa fremu hutakiwa kurudi nyuma hadi baiti 511 kuifuata akiba hiyo. Tena nusu ya mahesabu ya fremu moja hubaki ikisubiri kujumlishwa na fremu ijayo, ili kiungo kisisikike. Masalio yote hayo, katika programu yangu, yalikaa ukumbini. Ningewaingiza sauti ya kwanza na besi kwa pamoja, akiba ya wanawake ingemwagika kwenye fremu za wanaume, na ambacho kingetoka kwenye spika kisingekuwa wimbo.

Nilihitaji mwalimu, nikampata katika msimbo wa watu wengine.

Katikati ya miaka ya 1990, Michael Hipp wa Ujerumani aliandika kwa C programu iitwayo mpg123. Haikuwa na dirisha wala vitufe. Ulitaja jina la faili, wimbo ukapigwa. Ilikuwa nyepesi kiasi cha kwenda vizuri kwenye kompyuta dhaifu za enzi hizo, ikasambaa. Mwaka 1999 likatoka toleo la 0.59r, kisha shamba likalala. Watu waliendelea kulitumia toleo hilo mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2006 Thomas Orgis, pamoja na Nicholas Humfrey, wakalichukua, wakatoa toleo la 0.60. Leseni ya zamani, iliyokuwa na vikwazo vya kibiashara, ikabadilishwa kuwa LGPL ili yeyote aweze kuutumia msimbo huo kwa uhuru zaidi. Leo msimbo wa Hipp na ule uliosukwa upya unaweza kusomwa na mtu yeyote, hata aliyekaa Mbinga na kompyuta ya mtumba na intaneti ya simu. Mimi nililiweka toleo la zamani kushoto na jipya kulia, nikawa nayasoma kila usiku kama mwanafunzi wa ushonaji anayegeuza koti la fundi kutazama mishono ya ndani.

Katika 0.59r kuna vigeu viwili vya wote, `wordpointer` na `bitindex`. Cha kwanza kinaonyesha baiti inayosomwa sasa, cha pili biti iliyofikiwa ndani ya baiti hiyo. Viwili hivi ni kidole cha msomaji juu ya ukurasa. Karibu nao kuna `bsspace`, nafasi ya kuwekea fremu mbili, ya sasa na iliyopita, kwa ajili ya ile akiba. Katika msimbo mpya majina ni yaleyale, lakini hayakai tena ukumbini. Yamefungwa pamoja na masalio mengine ndani ya strakti moja, ambayo mtumiaji huijua kwa jina la `mpg123_handle`. Kila wimbo unaofunguliwa hupewa strakti yake, na kila fankisheni hukabidhiwa strakti hiyo mkononi kabla ya kuanza kazi. Ukitaka nyimbo mbili, unaomba strakti mbili. Kila msafiri na mzigo wake. Kwa njia hii mpg123 iliyokuwa programu tu ikazaa maktaba, libmpg123, ambayo programu nyingine huiita izifumbulie sauti.

Ninachokistahi zaidi hapa ni kwamba Orgis aliyaacha majina. Angeweza kuita kila kitu upya, akaweka muhuri wake. Lakini aliyeizoea 0.59r akiingia katika msimbo mpya humkuta `bitindex` akiwa hai, amehama chumba tu. Kufumua bila kumpoteza aliyekuwa akiijua nyumba ya zamani ni heshima, na heshima hiyo inaonekana mstari kwa mstari.

Nikaanza na vigeu vyangu vya ukumbini. Nilikuwa navyo 43. Utaratibu niliojiwekea ulikuwa kigeu kimoja kwa jioni moja. Nilikiondoa kigeu ukumbini, nikakiweka ndani ya strakti, kisha nikaiita kompaila, inayougeuza msimbo kuwa programu. Kompaila ililalamika kila mahali jina la zamani lilipotajwa, na malalamiko yake ndiyo yaliyokuwa orodha yangu ya kazi: mstari wa 212, mstari wa 340, mstari wa 907. Nilirekebisha kimoja baada ya kingine mpaka ikanyamaza. Kisha nyimbo ishirini, mistari ishirini ya herufi 64, na daftari. Zikilingana zote, niliihifadhi hatua hiyo kwenye Git, kumbukumbu ya mabadiliko ya msimbo, pamoja na sentensi moja ya kueleza sababu, nikalala. Umeme ukikatika katikati, nilijua niko umbali wa jioni moja tu kutoka mahali salama.

Mwezi Machi nilipanda kwa shangazi yangu, upande wa milima ya Umatengo. Nilimkuta mteremkoni analima ngoro.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Shika jembe basi, maneno baadaye.”

Wasomaji wa mbali huenda hawaijui ngoro, kilimo cha Wamatengo katika miteremko ambayo mgeni angedhani haifai hata kwa mbuzi. Majani hufyekwa na kuachwa yanyauke. Hayachomwi. Hupangwa juu ya ardhi kwa mistari inayokatana, mpaka mlima wote ukawa na miraba, kila upande wa mraba kama mita moja na nusu. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunika ile mistari ya majani. Katikati pakabaki shimo, na kuzunguka shimo pakainuka matuta. Maharage hupandwa juu ya matuta mwezi Machi mvua zikiwa bado zipo, na mahindi hufuata msimu wa mvua unapoanza tena, mwisho wa mwaka. Mvua ikipiga, kila shimo hukamata maji yake. Hakuna kijito kinachopata nafasi ya kukimbia na udongo kuelekea bondeni. Majani yaliyofukiwa huoza na kulisha mizizi. Mzunguko ukiisha, ngoro hulimwa upya: palipokuwa na tuta huchimbwa shimo, na palipokuwa na shimo huinuka tuta.

Nililima naye mpaka adhuhuri, na mgongo wangu ukanifundisha tofauti. Shangazi hakuinua udongo mwingi kwa mara moja kama mimi. Alichota kidogo, akafunika, akasogea, na kila mraba uliomalizika ungeweza kupokea mvua saa ileile. Kama mvua ingetukatisha, nusu ya mteremko ingekuwa ngoro kamili, na nusu ingekuwa majani yaliyolala salama. Mimi nilikuwa nimefungua miraba minne bila kufunga hata mmoja. Alinitazama, akaifunga minne yangu yeye mwenyewe, bila kusema neno.

Niliporudi mjini niligawanya jioni zangu upya, hatua zikawa fupi zaidi. Sidai kwamba kulima na kuandika programu ni kitu kimoja. Shamba hubadili mazao kila msimu na hushukuriwa kwa hilo, wakati mimi nilikatazwa kubadili hata biti moja. Lakini nidhamu ya kutoacha mraba wazi nimeitoa kule mlimani, na sijaona kitabu kilichonifunza vizuri zaidi.

Baada ya vigeu vingi kuhama, nikafika kwenye marudio. Hatua ya mwisho ya kufumbua MP3 huchukua namba za bendi 32 za sauti, huzizidisha kwa jedwali la uzito, na kutoa sampuli 32. Ikifanyika mara 36, fremu imekamilika. Katika 0.59r hatua hii iliandikwa mara nyingi: moja kwa sauti kamili, nyingine kwa sauti ya biti 8, nyingine kwa spika moja, na mafaili mengine, `decode_2to1.c` na `decode_4to1.c`, kwa kompyuta dhaifu zilizoweza kucheza nusu au robo tu ya sampuli. Nyakati zile ilikuwa na maana, kwa sababu kila tawi la uamuzi ndani ya kitanzi kile liliigharimu kompyuta muda usiokuwepo. Lakini nakala hizo zilifanana kama mapacha, na kosa likigunduliwa kwa mmoja, fundi alipaswa kuwakumbuka ndugu zake wote.

Msimbo mpya umetatua jambo hili kwa njia niliyoisoma mara tatu kwa furaha. Kuna faili moja, `synth.h`, lenye umbo la hatua hiyo, na ndani yake nafasi zimeachwa wazi: jina la fankisheni, idadi ya sampuli, namna ya kuandika sampuli. Mafaili mengine hujaza nafasi hizo, kisha huliita umbo lile tena na tena. Ni kibao cha kufyatulia matofali. Huku kwetu kila anayejenga anakijua: kibao kimoja, udongo tofauti, matofali elfu, na ukigundua kona ya kibao imepinda, unainyoosha mara moja. Kompyuta hupata nakala zake zote za kasi, kwa kuwa kompaila ndiyo inayofyatua. Binadamu hubaki na umbo moja la kutunza.

Hapo ndipo daftari liliponikatalia. Nilikuwa nimetengeneza kibao changu, programu ikacheza vizuri, sikio langu halikusikia kitu. Mistari yote ishirini ikatoka tofauti. Nilitafuta kwa siku tatu. Kumbe nilikuwa nimebadili mpangilio wa kujumlisha: badala ya kuanza na namba hii nilianza na ile. Kwa hesabu ya shuleni jibu ni lilelile, lakini kompyuta hukata desimali kila inapojumlisha, na ukibadili mfuatano, biti ya mwisho huweza kusogea. Kile kiwango cha MPEG, ISO 11172, kina sehemu inayopima usahihi wa wafumbuzi, na kinavumilia kosa la wastani la takriban asilimia 29 ya ngazi moja kati ya ngazi 65,536 za sauti ya biti 16. Nilikuwa ndani ya mpaka huo. Hata hivyo nikairudisha jumla katika mfuatano wake wa zamani. Nilikuwa nimeahidi kusuka, na anayesuka hapunguzi nywele kwa kisingizio kwamba hakuna atakayeziona. Siku ya kuboresha hesabu itakuja, itakuwa na ukurasa wake katika daftari.

Kuna jambo jingine ambalo usafi hulileta juani: mahali msimbo unapoamini bila kuuliza. C haina askari mlangoni. Ukitenga safu ya namba 8 na kuandika ya tisa, lugha haitakuzuia. Namba hiyo itaangukia kwenye kitu cha jirani. Katika ngazi ya pili ya MPEG, ile ya mafaili ya MP2, faili la stereo ya pamoja hutaja mpaka wa stereo, yaani bendi ambayo baada yake sikio la kushoto na la kulia huanza kushirikiana. Mpaka huo unaweza kuwa 4, 8, 12 au 16. Lakini katika kasi ndogo bendi zenyewe huishia 8 au 12. Faili la kawaida haliwezi kudai mpaka wa 16 penye bendi 8. Faili lililotengenezwa kwa nia mbaya linaweza, na mpg123 ya zamani ingelifuata, ikiandika nje ya uzio. Udhaifu huo katika `layer2.c` ulitangazwa mwaka 2004 kwa namba CVE-2004-0805. Dawa yake ni mistari miwili mitatu: mpaka ukizidi kikomo, urudishe kwenye kikomo.

Mistari miwili mitatu, baada ya miaka mitano ya toleo lile kutumika. Siisemi kwa kuwalaumu waandishi wa kwanza. Waliandika wakati ambapo faili la muziki lilidhaniwa kuwa muziki tu. Naisema kwa sababu nilipousafisha msimbo wangu nilikuta sehemu mbili za namna hiyo, ambazo zilikuwa zimejificha ndani ya fankisheni ya mistari mia nne. Nilipoikata fankisheni hiyo vipande tisa, kila kipande na jina lake, kasoro zikabaki zimesimama peke yake uwanjani. Katika nyumba iliyojaa makorokoro, nyoka hukaa miaka.

Katika yote niliyoyasoma, kipande ninachokirudia zaidi ni kidogo kuliko vyote. Kicheza muziki kina watu wawili: anayefumbua, ambaye mara huenda haraka mara hukwama, na anayepeleka sampuli kwenye spika, ambaye hapaswi kusubiri kamwe, kwa kuwa akichelewa hata kidogo sauti hukatika na kukwaruza. Kati yao huwekwa bafa, ghala la duara. Katika mpg123 ghala hilo liliandikwa na Oliver Fromme, katika faili la `xfermem.c`. Lina alama mbili: `freeindex` inaonyesha mwekaji aweke wapi, `readindex` inaonyesha mchukuaji achukue wapi. Zikifika mwisho wa ghala huzungukia mwanzo. Alama zikikutana, ghala ni tupu.

Lakini likijaa kabisa je? Mwekaji akizunguka mpaka akamfikia mchukuaji, alama zitakutana vilevile, na ghala lililojaa litaonekana tupu. Fromme alilitatua hili kwa kutoa moja. Kila nafasi iliyobaki inapohesabiwa, hutolewa baiti moja, na baiti hiyo haijazwi kamwe. Kwa bei ya nafasi moja inayokaa wazi daima, tupu na kujaa havichanganyiki tena. Katika programu yangu nilikuwa nimeweka kigeu cha tatu cha kuhesabu vilivyomo, ambacho watu wote wawili walikigusa, na mara chache, labda mara moja kwa mwezi, wimbo ulikwama bila sababu. Nilikiondoa, nikaacha baiti moja wazi. Juu yake nikaandika maelezo marefu kuliko msimbo wenyewe, maana najua siku moja kijana mwenye bidii ataiona ile “toa moja”, atadhani ni kosa, na atataka kuirekebisha.

Jambo la mwisho lilikuwa kufunga. C haikusanyi takataka zako: kila ulichoazima lazima ukirudishe mwenyewe, yaani kumbukumbu, faili, spika. Na kazi inaweza kushindikana hatua yoyote, ukiwa umeshaazima viwili kati ya vitatu. Hapa mafundi wa C hutumia `goto`, amri ambayo Edsger Dijkstra aliionya katika barua yake mashuhuri ya mwaka 1968. Aliionya kwa haki, kwa kuwa waliokuwa wakiitumia waliruka kila upande. Lakini ikitumika kuelekea upande mmoja tu, chini, kwenye ngazi za kutokea, ina uzuri wake: ukishindwa hatua ya tatu unaangukia kwenye mstari unaorudisha cha pili, kisha cha kwanza. Nimewahi kukaa ufukweni Mbamba Bay nikitazama mtumbwi wenye shehena ukipakuliwa. Gunia lililoingia mwisho lilitoka kwanza. Hakuna aliyetoa amri. Mtumbwi wenyewe hauruhusu vingine, kwani ukivuta la chini kabla ya la juu, unapinduka.

Usafi wa namna hii hufungua milango ambayo msafishaji hakuifikiria. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu kabla yake kuna waliokaa na msimbo wakatenganisha maneno na mantiki, wakayaweka maneno yote mahali pake, ili anayejua lugha ayafasiri bila kugusa mitambo. Hao walioyatenganisha wengi wao huenda hawakujua hata sentensi moja ya Kiswahili. Waliacha nafasi, nasi tukaikuta.

Kigeu cha 43 nilikitoa ukumbini Mei, jioni ya baridi, ukungu umefunika mji. Nyimbo ishirini, mistari ishirini, yote sawa na daftari. Kwa miezi miwili sikuwa nimeongeza jambo hata moja ambalo mtu angeweza kulisikia. Kesho yake nikaandika mistari kumi na nne: omba strakti mbili, fumbua mbili, zijumlishe kwa uzito. Haikunichukua hata saa nzima.

Jumapili baada ya ibada nikaipeleka kompyuta kwa mwalimu wa kwaya. Akaweka sauti ya kwanza upande huu, besi upande ule, akasogeza sauti juu, akaishusha, akafumba macho. Wimbo ukaenda hadi mwisho. Akaurudisha kwenye ubeti wa pili, akasikiliza tena akiwa ameinamisha kichwa kuelekea spika.

“Besi wanachelewa,” akasema. “Miaka yote hii nilidhani ni sauti ya kwanza wanaokimbia.”

Akachukua kalamu, akaanza kuandika majina ya wanaume atakaowaita mazoezini Jumanne.